Asili ya "Sista" wa Hospitali

Karani mmoja wa upande wa Nyanza ameniandikia barua fupi yenye swali ambalo nadhani wengi wenu mmepata kujiuliza. Asema kwamba mkewe alilazwa katika hospitali ya serikali, na wodini mlikuwamo mama mmoja, mkubwa wa kazi, ambaye wauguzi wote walimwita Sista. Karani wetu alidhani ni mtawa wa kanisa, akawa akimwamkia kwa heshima ya watawa. Siku ya tatu akamwona mama yule langoni, amekuja kuchukuliwa na mumewe pamoja na watoto wao watatu. "Je, Bwana Mwandishi," auliza, "mtawa mwenye mume na watoto ametoka kanisa gani?"

Swali ni zuri, na jibu lake lina safari. Neno hilo lilikuja huku pamoja na hospitali za Waingereza, na kwa Waingereza wenyewe ni neno la kale sana, lililobaki katika hospitali baada ya watawa wenyewe kuondolewa, kama jina la shamba linavyobaki baada ya mwenye shamba kuhama. Tukitaka kuona jinsi mambo yalivyokuwa, haifai tuzunguke nchi nzima. Yatosha kuingia katika hospitali moja, nayo ni Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo iliyoko katikati ya London, ambayo wenyeji huiita kwa kifupi Barts. Ilianzishwa mwaka 1123, na mwaka 2023 ilitimiza miaka 900. Hakuna hospitali nyingine katika Uingereza iliyotibu wagonjwa kwa muda mrefu namna hiyo pasipo kuhama kiwanja chake cha kwanza.

Aliyeianzisha ni mtu aitwaye Rahere. Huyu alikuwa mtu wa barazani kwa Mfalme Henry wa Kwanza, tena inasemekana kwamba ujana wake aliupitisha katika karamu na maneno ya kuwachekesha wakubwa. Baadaye moyo wake uligeuka, akafunga safari kwenda Roma kuhiji. Huko Roma akashikwa na homa kali, akaona kifo kimemkaribia, ndipo alipoweka nadhiri kwamba akipona atajenga nyumba ya kuwapokea maskini wagonjwa. Akapona. Njiani, wakati wa kurudi, akaota ndoto: Mtume Bartholomayo amemtokea na kumwagiza ajenge mahali paitwapo Smithfield, nje kidogo ya ukuta wa mji wa London.

Ndoto ile haikumpa kiwanja chema. Smithfield palikuwa uwanja wa soko la farasi na wanyama, sehemu yake bwawa la matope, na mahali pakavu palipokuwapo palisimamishwa miti ya kunyongea wahalifu. Ardhi ilikuwa ya Mfalme, kwa hiyo Rahere alikwenda kumwomba, naye Askofu wa London akamsaidia maneno, akapewa. Kitabu kilichoandikwa na mtawa mmoja wa nyumba ile, katika karne iyo hiyo, chasimulia kwamba kwa kuwa hakuwa na fedha ya vibarua, Rahere alijifanya punguani. Watoto na watumishi wakamkusanyikia kumcheka, naye akawatia katika kazi ya kuchukua mawe huku wakicheka, hata msingi ukajaa. Mimi nimekuwa nikiitazama michango ya maendeleo huku kwetu kwa miaka mingi, wala sijaona mwenyekiti wa kamati aliyethubutu kutumia njia hiyo.

Yakasimama majengo mawili karibu karibu: kanisa pamoja na nyumba ya watawa wafuatao kanuni ya Mtakatifu Augustino, na kando yake hospitali. Nchi yote wakati ule ilikuwa ya Kanisa Katoliki, na hospitali haikuwa kama tunavyoijua leo. Ilikuwa nyumba ya kupokea. Kitanda, moto, mkate, maji ya kunawa na sala, hizo ndizo zilizokuwa dawa kubwa. Sheria yake ilikuwa kuwapokea maskini wagonjwa hata wapone, na wanawake wenye mimba hata wajifungue. Na mama akifia humo katika kuzaa, mtoto alilelewa na nyumba hata atimize miaka saba. Waliotumika humo walikuwa wanaume wachache walioitwa ndugu na wanawake wanne walioitwa dada, wote wakiwa chini ya kanuni ya utawa. Karani wetu na aliweke akilini neno hilo "dada", maana ndilo alilouliza.

Chakula kilitoka wapi? Hapa nataka wakulima wanisikilize, kwa maana hospitali hula kama shamba linavyokula, kila siku, hata siku ambayo hakuna mavuno. Hapo mwanzo kazi ya kutafuta chakula ilikuwa ya mzee mmoja, Alfune, rafiki wa Rahere. Alizunguka sokoni akiomba. Kitabu kile chasema kwamba palikuwa na mchinjaji nyama mmoja bahili, mwenye maneno makali, aliyekuwa hatoi kitu. Alfune akamwambia: kata pande moja uwape maskini, nami nakuahidi kwamba nyama itakayobaki itauzika upesi kuliko ya wenzio. Mchinjaji akakata, kwa kumwonea haya mzee kuliko kwa imani. Mzee hajatoka dukani, mnunuzi akaingia. Toka siku hiyo wachinjaji wa Smithfield hawakungojea tena kuombwa mara mbili.

Lakini nyumba haiwezi kuishi kwa pande la nyama. Polepole watu wenye mali walianza kuiachia hospitali mashamba na nyumba katika wasia zao, ili kodi yake iwalishe wagonjwa daima. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunalo neno kamili la jambo hili, tulilopewa na watu wa Pwani, nalo ni wakfu. Hospitali ikawa na wakfu wa nyumba katika mitaa ya London na wa mashamba nje ya mji. Na mali ya namna hiyo yataka karani. Katika karne ya 15 alikuwako ndugu mmoja aitwaye John Cok, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia kodi. Alitumia miaka mingi ya maisha yake kunakili hati zote za mali ya hospitali katika daftari moja kubwa: shamba hili lilitolewa na nani, lapakana na nani, lalipa kiasi gani. Daftari hilo lingalipo, limehifadhiwa na hospitali hata leo. Makarani mnaolalamika kwamba kazi yenu haionekani, mkumbukeni Cok. Mfalme angekuja na kwenda, moto ungekuja, bali mpaka wa shamba ulikuwa umekwisha andikwa.

Kabla sijaendelea, lipo jambo moja la mwaka 1381 ambalo siwezi kuliruka, ingawa si la uganga. Mwaka ule wakulima wa Uingereza waliasi kwa sababu ya kodi ya kichwa. Walitozwa shilingi moja kwa kila mtu aliyepita umri wa miaka 15, awe tajiri au maskini, na ilikuwa mara ya tatu katika miaka michache. Wazee wetu waliotozwa kodi ya namna hiyo katika enzi ya ukoloni hawahitaji kuelezwa uchungu wake. Kiongozi wa wakulima, Wat Tyler, alikutana na Mfalme kijana, Richard wa Pili, katika uwanja wa Smithfield, tarehe 15 Juni. Katika mazungumzo pakatokea ugomvi, akachomwa upanga, na wenzake wakamkimbiza ndani ya hospitali iliyokuwa hatua chache kutoka hapo. Meya wa London, William Walworth, akaja na watu wake, akamtoa Tyler kitandani alipokuwa akitokwa na damu, akamrudisha uwanjani, akamkata kichwa. Hospitali ilimpokea bila kumwuliza habari za siasa zake, lakini haikuwa na nguvu ya kumlinda.

Sasa tumefika penye msukosuko mkubwa. Mwaka 1534 Mfalme Henry wa Nane alijitenga na Papa wa Roma, akajifanya mkuu wa kanisa katika nchi yake. Kisha, kati ya mwaka 1536 na 1540, alizifunga nyumba za watawa zote, moja baada ya moja, akachukua ardhi, fedha, hata kengele na risasi iliyoezekea mapaa. Nyumba ya watawa ya Smithfield ilisalimu amri mwaka 1539. Sehemu kubwa ya kanisa la Rahere ikabomolewa, na majengo yakauzwa kwa mkubwa mmoja wa serikali. Hospitali iliyokuwa kando haikubomolewa, ila ilinyimwa roho: mali yake ikaingia mkononi mwa Mfalme.

Wapo waandishi wanaozisifu siku zile kana kwamba zilikuwa za kusafisha tu, na kweli haikukosa kuwapo nyumba za watawa zilizozembea na kunenepa. Lakini angalieni mtu maskini wa London aliyevunjika mguu mwaka 1540. Jana yake palikuwa na mlango wa kubisha. Leo mlango umefungwa, na aliyeufunga hakuandaa mwingine. Wagonjwa walianza kulala barabarani, mbele ya maduka na mbele ya makanisa, wakinuka vidonda. Matajiri wa mji, ambao wengi wao walikuwa wameipokea dini mpya ya Mfalme kwa moyo mweupe, walianza kuona gharama ya jambo lililofanyika. Mwaka 1538, hata kabla mambo hayajaisha, Meya Richard Gresham alikuwa amekwisha mwandikia Mfalme akimwomba awape wenyeji wa London hospitali za kale ili waziendeshe wenyewe, kwa ajili ya maskini.

Mfalme hakuwa na haraka. Mwaka 1544 alitoa hati ya kuianzisha Barts upya, lakini hati haina vitanda. Taarifa iliyoandikwa miaka michache baadaye yasema kwamba nyumba ilikuwa imechakaa hata ilikuwa shida kuwaweka wanawake watatu au wanne waliokuwa wamelala humo kwa uzazi. Mapatano ya kweli yalikuja mwezi wa Desemba 1546, na hati yake ikatiwa muhuri Januari 1547, wiki mbili tu kabla Mfalme hajafa. Masharti yalikuwa haya: Mfalme airudishie hospitali mali ya kuleta marki 500 kwa mwaka, na wenyeji wa London watoe marki 500 nyingine kila mwaka, ili wagonjwa maskini 100 wapate kitanda, chakula na matibabu. Marki moja ilikuwa shilingi 13 na peni 4.

Yafaa tuyapime mapatano hayo kwa mizani ya mkulima. Mtu amekuja akachukua ng'ombe wako wote. Baada ya miaka kadhaa akakurudishia baadhi yao, akakutaka wewe ununue wengine wa idadi iyo hiyo, kisha akaandikwa kuwa ndiye mfugaji. Juu ya lango la Barts limesimama, toka mwaka 1702, sanamu la mawe la Henry wa Nane. Kwa maoni yangu sanamu lile lingewafaa zaidi wenye maduka wa London. Maana wao ndio waliokaa na mzigo. Mwanzo walitegemea sadaka za Jumapili makanisani, zikaja chache. Mwaka 1547 Halmashauri ya Mji ikaona haina budi kuwatoza watu kwa nguvu ya sheria ili hospitali ipate sehemu yake. Manung'uniko yalikuwako, kama yanavyokuwako kila mahali penye kodi, lakini hiyo fedha ililipwa. Rahere mwenyewe amelala katika kaburi lake ndani ya kipande cha kanisa kilichosalia, hatua chache kutoka lango lile, na wapita njia wengi hawajui kwamba yuko.

Basi, tumrudie karani wetu. Wenye mji walipoipokea hospitali hawakutaka tena watawa, kwa kuwa utawa ulikuwa umekatazwa nchini. Lakini wagonjwa walihitaji kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani kama zamani. Kwa hiyo waliandika wanawake wa kawaida wa kulipwa mshahara: metroni mmoja na chini yake wanawake 12. Na katika kuwaandika, waliwaita kwa jina lile lile ambalo watu walikuwa wamelizoea mahali pale kwa miaka 400: dada. Katika kanuni za hospitali zilizochapwa mwaka 1552 twasoma kazi zao. Wawaoshe wagonjwa na kufua nguo zao, wawe wapole, wasizozane. Pasipo kazi ya mgonjwa wasokote nyuzi. Usiku wasitoke katika wodi ya wanawake baada ya saa moja wakati wa baridi, wala baada ya saa tatu wakati wa kiangazi, isipokuwa mgonjwa yu katika hatari. Ukiyasoma masharti hayo pasipo kujua mwaka, utadhani bado ni kanuni ya utawa. Vazi na nadhiri vilikwisha. Jina na mwendo vilibaki. Hivyo mwanamke aliyesimamia wodi aliendelea kuitwa dada kizazi baada ya kizazi, hospitali nyingine zikafuata, na katika karne ya 20 jina hilo likapanda meli pamoja na wauguzi wa Kiingereza likashuka Mombasa, likawa "sista".

Kwa hiyo mama yule wa Nyanza mwenye mume na watoto watatu hakuvunja nadhiri yoyote. Hapa kwetu yawezekana mambo mawili kuwa kweli kwa wakati mmoja. Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1962 na watawa wa Kikatoliki kutoka Ireland waitwao Masista wa Huruma. Huko mgonjwa aliweza kumwita mtu Sista na asikosee kwa maana zote mbili.

Wengine watauliza, je, hospitali iliyoondolewa mikononi mwa watawa ilifaa kitu? Ilifaa sana. Mwaka 1609 iliandika daktari mmoja aitwaye William Harvey. Sharti lake lilikuwa kuja walau siku moja katika wiki, kuketi ukumbini na kuwatazama maskini mmoja mmoja, pasipo kupokea zawadi kutoka kwao. Alikaa katika kazi hiyo hata mwaka 1643. Wakati ule madaktari wote wa Ulaya waliamini kwamba damu hutengenezwa katika ini na kuliwa na mwili, kama maji ya mfereji yaishiavyo shambani. Harvey akafanya hesabu rahisi. Alipima damu ambayo moyo waweza kuitoa kwa pigo moja, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akapata damu nyingi kuliko ile iliyomo katika mwili mzima. Itatoka wapi hiyo yote, kama si ile ile inayorudi? Mwaka 1628 alitoa kitabu chake akionyesha kwamba damu huzunguka: moyo huisukuma katika mishipa, nayo hurudi moyoni kwa mishipa mingine. Yasemekana wagonjwa wake wa kulipa walipungua baada ya hapo, kwa kuwa watu walimdhania amerukwa na akili. Maskini wa Barts hawakuwa na daktari mwingine wa kumkimbilia.

Katika karne iliyofuata alikuwako hapo mpasuaji mashuhuri, Percivall Pott. Desturi ya London ilikuwa kuwapandisha watoto wadogo wa kiume ndani ya mabomba ya moshi ili wayakwangue masizi, kwa kuwa mtu mzima hakuenea humo. Pott aliona kwamba wengi wa watoto hao, wakisha kuwa wanaume, hupata kansa ya ngozi ya korodani, ambayo watu wengine hawaipati kwa wingi namna hiyo. Mwaka 1775 aliandika kwamba sababu ni masizi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari kuonyesha wazi kwamba kazi ya mtu yaweza kumletea kansa. Kila sheria ya siku hizi inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi barakoa au glavu ina deni kwa masizi yale.

Mambo ya moto na majengo nitayapita upesi. Moto Mkubwa wa mwaka 1666 haukuifikia hospitali, ila uliteketeza nyumba zake nyingi za kodi mjini, ikawa maskini kwa muda. Majengo ya uwanja wake wa katikati, yanayotazamwa na wageni hadi leo, yalichorwa na James Gibbs, naye hakutaka malipo. Yalianza kujengwa mwaka 1730. Mchoraji William Hogarth, aliyezaliwa mtaa wa jirani, alisikia kwamba wasimamizi wanataka kumwajiri mchoraji kutoka Venice kuipamba ngazi kubwa. Akaona wivu, akaifanya kazi bure. Alichora Msamaria Mwema, na wagonjwa kando ya birika la Bethzatha. Wivu nao mara nyingine hujenga.

Habari za wanawake hazikuishia kwa madada. Mwaka 1850 Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika Marekani, aliruhusiwa kujifunza Barts. Milango yote ya wodi ilifunguliwa kwake isipokuwa mmoja: wodi ya magonjwa ya wanawake, ambayo mwalimu wake hakutaka mwanamke aingie kujifunza. Nimesoma habari hiyo mara mbili kuhakikisha sijaipindua. Shule yenyewe ya madaktari haikukubali wanafunzi wanawake hadi mwaka 1947.

Shule ya wauguzi ilifunguliwa mwaka 1877. Miaka minne baadaye alifika metroni mwenye umri wa miaka 24, Ethel Manson, baadaye Bibi Bedford Fenwick baada ya kuolewa mwaka 1887. Yeye ndiye aliyepigania kwa miaka zaidi ya 30 kwamba asiitwe muuguzi ila aliyesoma, akafaulu mtihani, na jina lake likaandikwa katika daftari la serikali. Wakubwa wengi walimpinga, na katika hao alikuwamo Florence Nightingale mwenyewe, aliyeona kwamba wema wa muuguzi hauwezi kupimwa kwa mtihani. Sheria ilipitishwa mwaka 1919. Daftari lilipofunguliwa, jina la kwanza lililoandikwa lilikuwa la Bibi Fenwick. Kwa njia hiyo dada wa wodi, aliyekuwa mtawa na kisha mtumishi wa kusokota nyuzi, akawa mtu mwenye cheti na namba. Daftari la wauguzi wa Kenya ni mjukuu wa daftari lile.

Tarehe 5 Julai 1948 serikali ya Uingereza ilizitwaa hospitali karibu zote, ili mkazi yeyote atibiwe bila kulipa mlangoni, gharama zikitoka katika kodi. Barts ikaingia humo, ikawa haina tena haja ya kutegemea wakfu wake. Mtu angesema shida ya chakula imekwisha. Lakini mwaka 1992 tume iliyowekwa na serikali ilipendekeza Barts ifungwe. Nisiwaonee wajumbe wa tume hiyo. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Katikati ya London palikuwa na hospitali kubwa nyingi mno, hali wenyeji wengi walikuwa wamehamia pembezoni. Mtaa wa Barts ulijaa maelfu ya watu mchana, wakiwa maofisini, na usiku ulibaki karibu mtupu. Kwa nini fedha itumike pale, wakati wagonjwa wako kwingine?

Jibu la wenyeji lilikuwa sahihi zaidi ya milioni moja. Madereva wa teksi, makarani wa mabenki, wazee waliozaliwa humo, wauza nyama wa Smithfield, wote walitia mkono. Hata hivyo idara ya majeruhi na dharura ilifungwa mwaka 1995, na kwa muda kidogo ilionekana kwamba mengine yatafuata. Mwaka 1998 serikali mpya iliamua hospitali isifungwe, bali iache kutibu kila kitu, ishike magonjwa ya moyo na kansa. Majengo mapya yakajengwa kwa mkopo wa makampuni, chini ya mkataba wa mwaka 2006, na deni lake lalipwa kwa miongo kadhaa. Hivyo msione kwamba swali la mzee Alfune la nani atalipa limepata jibu la mwisho. Mwaka 2015 kitengo kikubwa cha moyo kilifunguliwa hapo, mojawapo ya vikubwa katika Ulaya, katika kiwanja kile kile ambapo Harvey aliwatazama wagonjwa wake wa moyo bila chombo chochote isipokuwa vidole na masikio.

Karani aliuliza pia kama hospitali hiyo bado ni ya Kikatoliki. La, si ya Kikatoliki tangu siku za Henry wa Nane. Ni ya serikali, na mgonjwa haulizwi dini yake. Lakini ndani ya uwanja wake limo kanisa dogo lenye jina la Mtakatifu Bartholomayo, sasa la Kianglikana, mahali palipokuwa kanisa la hospitali ya watawa, na mnara wake ni wa karne ya 15.

Wasomaji wawili wa Meru wameuliza habari za asili ya neno "dispensari", na mmoja wa Taita ataka kujua kwa nini kinu cha maji hakivumi wakati wa masika. Barua zao nimezipokea, na majibu yatatoka kwa zamu katika wiki zijazo.